Windows ya Kuchakachua na Gharama Yake

Mwezi Machi mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake. Aliiweka kompyuta mpakato juu ya meza, akaifungua na kunigeuzia kioo. "Shikamoo, Dokta. Naomba uangalie. Kila kitu kimekataa kufunguka."

Nikaangalia. Tasnifu yake, sura ya kwanza hadi ya nne, ilikuwepo kwa jina, ila kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa majedwali ya takwimu, picha za familia, hata barua zake za maombi ya kazi. Ndani ya kila folda palikuwa na faili dogo liitwalo _readme.txt, lililoandikwa kwa Kiingereza cha kistaarabu kabisa: mafaili yako tumeyafumba, ufunguo tunao sisi, bei yake ni dola 980, ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 utapata punguzo la nusu. Hata wahalifu siku hizi wana ofa. Nusu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja.

Nilimuuliza iko wapi flashi aliyohifadhia nakala. Alikuwa ameichomeka kwenye mashine wakati uleule, nayo ikafumbwa. Nikamuuliza swali la pili, ambalo jibu lake nililijua kabla hajafungua kinywa: siku mbili tatu zilizopita uliweka programu gani mpya? Akainamisha kichwa. "SPSS, Dokta. Ile ya kwenye flashi ya darasa. Tunapeana."

SPSS hiyo ilikuja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, pamoja na maelekezo kwamba kabla ya kukiendesha, zima kwanza kinga ya virusi. Akazima. Nani asingezima? Tumefundishwa hivyo na kila fundi.

Virusi vya kudai kikombozi vya ukoo huu vinajulikana kwa watafiti wa usalama kwa jina la STOP/Djvu. Vimekuwa vikisambaa tangu 2018, na njia yao kuu ni hizi programu za kuchakachulia leseni. Haviwindi mabenki wala mashirika makubwa. Vinamwinda mwanafunzi, mwalimu, mwenye studio ndogo ya picha, mhasibu wa saccos. Yaani mtu anayehitaji programu ya bei kubwa na hana fedha ya kuinunua. Oktoba 2019 kampuni ya usalama ya Emsisoft ilitoa bure kifungulio cha matoleo 148 ya zamani ya kirusi hicho. Kwa matoleo yaliyofuata, kufungua mafaili ni suala la bahati, na kijana wetu hakuwa nayo. Alibaki na sauti za mahojiano aliyoyafanya Temeke, kwa kuwa zilikuwa kwenye simu. Akaanza upya kuyanukuu, na kuhitimu kukasogezwa mbele.

Sikumfokea. Sikuwa na uso wa kumfokea. Mimi ninayeandika haya, mwenye shahada ya uzamivu na mihadhara kadhaa juu ya uadilifu wa kitaaluma, niliishi miaka tisa na Windows ya kuchakachua. Nilinunua kompyuta kuukuu kwenye duka moja mjini, fundi "akanipigia Windows" kwa shilingi elfu kumi na tano, nikamshukuru na kuondoka. Sikujua aliweka nini kingine ndani. Hadi leo sijui. Kwa miaka hiyo tisa mashine ile ilibeba mitihani kabla haijafanywa, alama za wanafunzi, tathmini za siri za wenzangu, na nywila ya akaunti yangu ya benki.

Wapo watakaosema hili ni suala la maadili tu: wizi ni wizi, nunua leseni. Nawaomba wapige hesabu. Windows 11 toleo la nyumbani huuzwa na Microsoft yenyewe kwa dola 139, zaidi ya shilingi 300,000. Posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa hiyo leseni ya mfumo endeshi peke yake, kabla hujanunua programu ya kuandikia wala ya takwimu, ni mwezi mzima wa kutokula. Kwa mtumishi wa umma wa ngazi ya chini ambaye kima chake kilipandishwa hadi shilingi 500,000 Julai 2025, ni zaidi ya nusu ya mshahara. Bei iliyopangwa kwa mfuko wa Seattle haiwezi kuheshimiwa Mbagala, na wauzaji wanalijua hilo. Ila asiyelipa kwa fedha analipa kwa njia nyingine, na ndiyo njia niliyoishuhudia mezani kwangu mwezi Machi.

Kisha ikaja tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji binafsi walipewa mpango wa nyongeza ya mwaka mmoja, wenye masharti ya kuwa na akaunti ya kampuni. Zaidi ya hapo, jibu lilikuwa: hamia Windows 11. Na Windows 11 haiikubali rasmi kompyuta isiyo na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 wala, isipokuwa chache, vichakato vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha nane. Sasa pita kwenye mabweni ya chuo chochote hapa Dar es Salaam uhesabu HP EliteBook 840 G3. Ni mashine imara, yenye kizazi cha sita, iliyotumika Ulaya au Marekani, ikauzwa kwetu kwa bei tunayoimudu. Haina kasoro, ila imetangazwa kuwa mfu na watu wasiowahi kuiona.

Anayedhani masasisho ni usumbufu wa kumaliza bando akumbuke Mei 12, 2017. Kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba miezi miwili kabla. Walioumia, zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, kwa sehemu kubwa walikuwa wale ambao hawakuweka kiraka kile au mfumo wao ulikuwa umeshaachwa bila matunzo. Windows ya kuchakachua mara nyingi huja ikiwa imezimwa masasisho makusudi, ili kufuli lililovunjwa lisije likajirudi. Tunaishi katika hali ya WannaCry kila siku, tukisubiri tu zamu.

Nyumbani kwangu Msasani niliamua kuhama wakati wa likizo ya Juni. Mpinzani wangu mkuu alikuwa mwanangu, yupo kidato cha tatu, na hoja yake ilikuwa neno moja: "Na magemu, Baba?"

Msidharau swali hilo. Nimewasikia watu wazima wenye vyeo wakiuliza vilevile kwa maneno ya adabu zaidi. Kwa miaka ishirini gemu lilikuwa hoja ya mwisho iliyoushinda kila mjadala wa Linux: mfumo mzuri, huru, salama, lakini hauchezi. Na ilikuwa kweli. Mradi wa Wine, unaotafsiri maagizo ya programu za Windows ili Linux iyaelewe, ulianza mwaka 1993, na kwa muda mrefu ulikuwa kazi ya subira na maombi. Mambo yalibadilika Agosti 2018, pale kampuni ya Valve, wenye duka la magemu la Steam, walipotoa Proton, yaani Wine iliyonolewa kwa ajili ya magemu na kufungwa ndani ya Steam yenyewe. Februari 2022 wakauza mashine yao ya mkononi, Steam Deck, ambayo ndani yake ni Linux mwanzo mwisho. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya uhuru. Walikataa biashara yao yote kukaa ndani ya uzio wa Microsoft. Sisi tumefaidika na ugomvi wa matajiri. Oktoba 2025, takwimu za Steam yenyewe zilionyesha kwamba wachezaji wanaotumia Linux wamevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza.

Basi tukapakua Linux Mint kwa bando la usiku, faili la takriban gigabaiti 3, tukaliweka kwenye flashi, tukaianzisha mashine yake kutoka humo kabla ya kugusa chochote, ili aone kwanza kama sauti, waifai na kadi ya picha vinafanya kazi. Hii ni hatua ninayomsihi kila mtu asiiruke. Nakala za mafaili tuliziweka kwenye diski mbili tofauti. Saa moja baadaye mfumo ulikuwa umekaa, na katika kuuweka tulitia alama kwenye kijisanduku cha kufumba diski nzima, ili kompyuta ikiibwa kwenye daladala, mwizi apate chuma tu. Wanaharakati mnaobeba majina ya mashahidi na waathirika kwenye mikoba yenu, kijisanduku hicho kinawahusu kuliko mtu yeyote.

Magemu yakoje? Counter-Strike 2 na Euro Truck Simulator 2 yana matoleo ya Linux kabisa. GTA V, hadithi ya mchezaji mmoja, inakwenda kupitia Proton na mwanangu haoni tofauti. Lakini nisiwadanganye wasomaji wangu. GTA ya mtandaoni iligoma Septemba 2024, ilipofungiwa programu mpya ya kudhibiti udanganyifu. Fortnite na Valorant hazichezeki. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, ikafungwa kwa watumiaji wote wa Linux Oktoba 31, 2024. Na linalouma zaidi katika mitaa yetu: EA Sports FC, mrithi wa FIFA, haipiti. Nyumbani kulikuwa na msiba mdogo.

Hapa tutue kidogo, kwa sababu jambo hili lina siasa ndani yake. Magemu haya hayashindwi kuendeshwa na Linux, yanakataa. Programu zao za kudhibiti udanganyifu hutaka kukaa ndani ya kiini cha mfumo, mahali panapoona kila kitu: kila faili, kila kitufe unachobonyeza. Kwenye Windows zinaruhusiwa. Kwenye Linux mwenye kompyuta ndiye mwenye kiini, anaweza kukibadilisha apendavyo, na kampuni haziwezi kumwamini. Maana yake ni kwamba sharti la kucheza mpira wa kompyuta ni kumkabidhi mtu wa mbali ufunguo wa chumba cha ndani. Ulimwengu uliona Julai 19, 2024 nini hutokea programu ya kiini inapokosea: sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 na kusimamisha ndege katika mabara kadhaa. Nilimweleza mwanangu hayo yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama ninaweza kumpa fedha ya kwenda kucheza kwenye kibanda.

Kosa la pili ninalotaka kulionya ni la wale wanaohamia Linux na tabia zao. Gemu lililochakachuliwa, ukiliendesha kwa Wine, bado ni programu ya mtu usiyemjua. Kwa kawaida Wine huiruhusu programu kuyaona mafaili yako, na kirusi cha Windows kilichomo kinaweza kuyafumba humohumo. Linux nayo si ngome isiyoingilika. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejipenyeza kwa miaka katika mradi mdogo uitwao XZ alikuwa amepandikiza mlango wa siri ambao ungefika kwenye seva nyingi duniani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (ndiyo, Microsoft), baada ya kuona muunganisho wa kompyuta yake unachelewa kwa nusu sekunde. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo uko wazi kwa kila mwenye macho. Kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, usalama wa Linux una sababu nyepesi kuliko hiyo: karibu kila programu unayohitaji inatoka kwenye ghala moja linalotunzwa, bure, kihalali. Hakuna kufuli la kuvunja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkaribisha mvunja kufuli. Mwanafunzi wangu angetumia R, au PSPP iliyotengenezwa kufanana na SPSS, asingekuwa na haja ya flashi ya darasa.

Kinachonikera ni kwamba sisi tulishakuwa mbele. Mwaka 2004 Microsoft ilipotangaza nia ya kuleta programu zake kwa Kiswahili, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ilikuwa tayari kazini katika mradi ulioitwa Kilinux. Desemba mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, huru na ya bure. Vijana wa hapa walikaa wakabishania neno moja baada ya jingine hadi mashine ikazungumza lugha yetu. Nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila Novemba kama wamewahi kuisikia Jambo. Hadi sasa sijaona mkono. Mwaka huohuo 2004 Mwafrika Kusini mmoja, Mark Shuttleworth, alitoa mfumo wa Linux akauita kwa neno la Kibantu, Ubuntu, na wetu tukaendelea kupiga Windows.

Kutoka kwangu hadi ilipo nyumba ya Mwalimu Nyerere hapa Msasani si safari ya nauli. Napita maeneo yale nikitafakari neno kujitegemea, na jinsi tulivyolifungia katika jembe na shamba. Mtaala wetu wa kompyuta unamfundisha mtoto wapi pa kubonyeza katika Word na Excel, kisha unamwacha atafute mwenyewe leseni asiyoweza kuinunua. Huko ni kumwandalia mteja muuzaji wa nje, na kumpa mwizi wa ndani kazi ya kuwaunganisha.

Ndugu zangu watumishi wa umma, kwenu jambo hili limevuka mipaka ya hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiusalama zinazostahili, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili hiyo. Ofisi ya kata au zahanati inayohifadhi majina na maradhi ya wananchi kwenye Windows 10 isiyosasishwa, iliyopigwa na fundi wa mtaani, inalinda nini? Wala programu huria si ngeni serikalini. Takwimu za afya nchini zinakusanywa kwa DHIS2, mfumo huria wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mchango ndani yake. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Moodle. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa karani wa kata ina kiini cha Linux. Tatizo liko kwenye meza tu.

Nitakumbushwa Munich. Nakubali. Jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta karibu 15,000 hadi 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurejea Windows. Waliochambua wanataja siasa, malalamiko ya watumishi na mpangilio mbovu wa idara za teknolojia. Upande wa pili kuna Gendarmerie ya Ufaransa, iliyoanza na programu ya ofisi mwaka 2005, ikahamia Ubuntu kuanzia 2008, na leo inaendesha makumi ya maelfu ya kompyuta za askari kwa mfumo huo. Walianza na kile mtumishi anachokigusa kila siku, barua na jedwali, wakampa muda wa kuzoea, ndipo wakabadilisha kilicho chini yake. Halmashauri moja, idara moja ya chuo, shule moja ya sekondari inaweza kuanza hivyo mwezi ujao, bila kikao cha Dodoma: LibreOffice kwanza, kwenye Windows hiyohiyo waliyonayo.

Mwanafunzi wangu amefika sura ya nne tena. Kompyuta yake sasa ina Mint. Wiki iliyopita alinitumia jedwali la kwanza alilolitengeneza kwa R, na chini yake akaandika kwamba limemchukua siku nne na amemkasirikia kila aliyelibuni. Nilimjibu kwamba jedwali ni sahihi, ila safu ya tatu imekosa idadi ya jumla. Nakala zake anazihifadhi mahali patatu, pamoja na diski moja inayokaa kwa dada yake Tandika na haichomekwi popote isipokuwa Jumapili.

Mwanangu naye anakwenda kibandani Jumamosi jioni, upande wa Namanga, analipa kwa mechi, anacheza FC na wenzake. Anasema kule kuna upinzani wa kweli kuliko nyumbani. Nilipomuuliza ile mashine ya kibandani inatumia mfumo gani, alicheka akasema, "Baba, kule tunacheza tu."